Kaya ya Watu Wawili

Prosper alipouliza swali lile lile kwa mara nyingine, Akolpoka aliacha kusonga ugali, akauegemeza mwiko tumboni kama mtu anayepumzika kidogo kabla ya ugomvi.

"Watu wa nyumba hii nimeshakutajia wote," alisema. "Unataka nikutajie na waliokufa?"

"Hapana, mama. Siulizi nyumba. Nauliza kaya."

"Kaya ndiyo nini?"

Kwao hapo, upande wa Bolgatanga, neno hilo halikuwepo. Walikuwa na neno la nyumba, na nyumba maana yake ni ukuta mmoja wa udongo unaozunguka vibanda vyote, mlango mmoja wa kuingilia, na wazee waliozikwa mbele ya mlango huo. Ukishasema nyumba umeshamaliza. Lakini taasisi iliyomtuma Prosper ilikuwa ikitafiti maendeleo ya jamii na uchumi, na maendeleo, kumbe, hayahesabiwi kwa nyumba. Yanahesabiwa kwa kaya.

Prosper alikuwa kijana wa kusini, aliyevaa viatu virefu vya kamba kana kwamba ametumwa kupigana na nyoka. Lugha ya pale alijifunza harakaharaka, hivyo alijifunza maswali akaziruka salamu. Aliinamia kishikwambi chake, akasoma. "Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja."

Akolpoka alicheka mpaka mwiko ukatikisika. "Basi si ungeuliza chungu? Chungu ni hiki hapa."

Kilikuwa chungu ambacho mtu angeweza kumwogeshea ng'ombe mdogo ndani yake. Alikula humo Abaah, mume wa Akolpoka na mkubwa wa nyumba. Alikula humo Atanga, mdogo wake Abaah, pamoja na mkewe Talata. Na walikula humo watoto wa Talata, ambao walikuwa wengi na hawakukubali kutulia mahali pamoja ili wahesabiwe. Akolpoka mwenyewe hakujaliwa kuzaa. Maneno ya jambo hilo yalikuwa yameshasemwa zamani mpaka watu wakachoka, kwa sababu watoto wa Talata waliogea kwake, walilala kwake, na aliyemfuata yeye kila alikokwenda, kale kasichana Lamisi, kalimwita yeye mama na mama yake mzazi kakamwita Talata tu, kama kalivyosikia wakubwa wakimwita.

"Kaya moja," alisema Prosper, akabonyeza kioo. Halafu akafungua gunia lake, akatoa beseni moja la plastiki na mche mmoja wa sabuni, akashukuru kwa niaba ya taasisi.

Akolpoka alilipenda lile beseni. Lilikuwa jekundu, na Lamisi alilivaa kichwani siku nzima.

Shida ni kwamba kwa jirani yao Azure yaliingia mabeseni matatu.

Atanga ndiye aliyeileta habari hiyo kutoka kwenye pombe ya mtama, na alivyoileta ungedhani ameporwa njiani. Atanga alikuwa mtu wa maneno. Alijua bei ya kila kitu Bolga, hata vitu ambavyo hakuwa na nia ya kununua.

"Azure huyo huyo," alimwambia kaka yake. "Azure asiyejua kufunga mbuzi. Kamwambia kijana ana vyungu vitatu, akahesabiwa kaya tatu."

"Ana wake watatu," alisema Abaah polepole. Abaah alisema kila kitu polepole.

"Wake watatu, chungu kimoja. Si tunakula naye matangani? Sasa sikiliza, kaka. Mabeseni si kitu. Wanasema wakimaliza kuhesabu, kaya zitakazochaguliwa zitaezekwa mabati. Sisi tuna bahati moja, Azure ana tatu. Tukiwa kaya mbili, tuna bahati mbili."

Abaah alitazama paa la nyasi, ambalo mwaka ule lilikuwa linavuja juu ya kitanda chake. "Baba hakutugawia chungu."

"Hatukigawi. Tunamgawia Prosper tu."

Akolpoka alikuwa amekaa pembeni anachambua majani ya mboga. Hakuna aliyemuuliza, na chungu ni chake. "Mnakatakata chungu changu kama nyama ya sadaka, na mimi nipo hapa?"

"Shemeji, ni mchezo wa siku mbili," alisema Atanga. "Talata anawasha moto, kijana anaandika, tunazima."

Talata alikuwa anatwanga, na hakuacha kutwanga. Ila Akolpoka aliona mchi umekuwa mwepesi mikononi mwake, na jambo hilo hakulitilia maanani.

Prosper alifurahi sana aliposikia kwamba ndugu wale walikuwa wamemficha ukweli. Alisema aliutarajia. Kwenye semina walifundishwa kwamba ziara ya kwanza watu hawasemi kweli, mpaka wakuamini. Basi wakaaminiana, akaomba kuonyeshwa jiko la kaya ya pili.

Talata akamwonyesha mafiga matatu yaliyopangwa asubuhi ile.

Prosper alichutama, akapitisha kidole juu ya figa, akakitazama kidole. Kilikuwa safi. "Mafiga haya hayajawahi kuona moto."

"Yameoshwa," alisema Atanga.

"Mnaosha mafiga?"

"Talata ni msafi kupita kiasi. Hata mimi ananichosha."

Prosper aliandika kitu. Akauliza kihenge cha nafaka cha kaya ya pili kiko wapi, na nani anakifungua. Akauliza kama kaya ya pili ina mlango wake. Mwisho akasema atarudi, hatasema lini, kwa kuwa ndivyo sayansi inavyofanya kazi.

Hapo ndipo mchezo wa siku mbili ulipoanza kuomba siku zaidi. Mafiga hayawi meusi kwa kuombewa. Talata ilibidi apike pale kweli, asubuhi na jioni. Ili apike alihitaji unga, na ili Prosper akubali, unga ulitakiwa utoke kwenye kihenge chake. Atanga akajenga kihenge. Abaah, ambaye peke yake ndiye aliyekuwa na haki ya kupanda ngazi na kuingia kwenye kihenge cha baba yao, alipanda, akachota uwele wa kutosha, akamimina kwa mdogo wake. Alifanya hivyo huku akitabasamu kidogo, kama mtu mzima anayecheza na watoto kupika udongo.

Ukabaki mlango. Ukuta wa nyumba hautobolewi hivihivi. Anayetoboa mlango wake amejitenga na baba yake, na wazee waliolala chini lazima waarifiwe kwa damu ya kuku. Abaah aliwaza sana, akaona kwamba kwa kuwa mlango ule haukuwa wa kweli, ingekuwa afadhali wazee wasijue. Kwa hiyo siku Atanga alipoupiga ukuta kwa jembe, Abaah alishinda akinong'ona. Hata alipoomba maji alinong'ona. Watoto wakaambiwa jembe likiliza ukuta na wao waimbe, na waliimba mpaka sauti zikawakauka.

Prosper aliporudi alikuta moshi, masizi, kihenge na mlango. Akampa Talata beseni. Lilikuwa la kijani.

Akolpoka alishindwa kupika chakula cha watu wawili. Si kwamba hakutaka. Mkono wake haukujua. Alichota unga kwa kipimo alichozoea, akajikumbusha, akarudisha, akachota tena, na bado ugali ulitoka mwingi, ukakaa kwenye kata, lile bakuli la kibuyu walilolia, ukakauka ngozi juu. Abaah alikula upande mmoja, yeye upande wa pili, na katikati kukabaki mlima ambao hakuna aliyeugombea. Abaah alisema ugali siku hizi hauna ladha. Alidhani ni unga.

Lamisi hakuelewa mchezo. Kila jioni alipita kwenye mlango mpya, akazunguka ukuta wote kwa nje, akaingia kwa mlango wa zamani, akaketi kwenye kata ya Akolpoka na kula kwa mikono miwili. Akolpoka alimwacha. Moyo wake ulitulia mtoto yule akiwa pale na masharubu ya mlenda.

Ndivyo Prosper alivyowakuta jioni moja.

"Huyu ni wa kaya ile," alisema.

"Ni mtoto wangu," alisema Akolpoka.

"Lakini ameandikwa kule. Nimemwandika mimi." Prosper alisikitika kwa dhati, hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu ameajiriwa. Alitafuta kwenye kishikwambi mahali pa kuliweka jambo lile. Hapakuwa na mahali pa mtoto anayekula anakopendwa. Mwishowe alipata. "Nitaandika ni msaada wa chakula kutoka kaya jirani. Msaada huu ni wa kudumu au wa dharura?"

Akolpoka akasema wa dharura.

Usiku haujaingia Talata alikuja, ameshika kiuno. "Dada, unatuharibia. Kijana anasema tukiendelea kupokea msaada tutaonekana tunajiweza. Mabati yatatupita."

"Talata, mtoto akila tonge ndiyo mabati yapite?"

"Sikuandika mimi."

Hakumpiga Lamisi. Alimshika mkono tu akaondoka naye, na kwa mara ya kwanza Akolpoka aliona kwamba mtoto yule anatembea kama Talata, anarusha mguu wa kushoto vilevile.

Mvua zikanyesha, wakalima. Walilima pamoja shamba la baba kama kawaida. Wakati wa kuvuna, Abaah aliegemeza ngazi kwenye kihenge cha zamani, akangoja vikapu. Vilikuja nusu. Nusu nyingine Atanga alikuwa anaipandisha kwenye kihenge chake.

"Mdogo wangu," alisema Abaah, "umekosea njia."

"Prosper anaweza kuja."

"Prosper hajaonekana tangu mvua zianze."

"Ndiyo maana anaweza kuja wakati wowote." Atanga alifuta jasho, akatazama pembeni. "Halafu, kaka, tuambiane ukweli. Midomo kwangu ni mingi. Ninyi mko wawili. Nusu kwa nusu mimi ndiye ninayepunjika, ila sijasema kitu."

Abaah alibaki juu ya ngazi. Kushuka ilikuwa aibu, na kuendelea kusimama kule juu na kikapu kimoja ilikuwa aibu vilevile. Akolpoka alipokea kikapu kutoka mkononi mwake, na kwa kuwa alimhurumia mumewe alijifanya hakusikia. Alilazimika kujifanya hivyo mara nyingi mwaka ule.

Taasisi ilipotangaza kaya zilizochaguliwa, kaya ya Atanga ilikuwemo. Ilikuwa na wategemezi wengi, kihenge kidogo, na historia ya kupokea msaada wa dharura. Kaya ya Abaah haikuwemo. Prosper aliwaeleza kwa upole kwamba hakuna aliyewaonea. Watu wazima wawili, hakuna mtoto hata mmoja wa kumlisha, kihenge kikubwa cha urithi, beseni moja: kompyuta yenyewe iliwaweka kwenye uwezo wa kati.

Maneno yale yalipendwa sana kwenye pombe. Kabla ya juma kwisha hakuna aliyemwita Abaah kwa jina lake. "Uwezo wa Kati, sogea tukae." "Uwezo wa Kati, leo unatununulia?" Azure, ambaye hakupata hata bati moja kwa kaya zake tatu, alicheka kuliko wote. Abaah alicheka nao mara mbili tatu, kisha akaacha kwenda.

Mafundi walikuja wakaezeka vibanda vya Atanga. Sasa ukisimama mbele ya nyumba uliona mdogo anameta juani na mkubwa amekaa chini ya nyasi zinazovuja. Mvua ikinyesha, kelele za bati zilimzuia Abaah kusikia matone yanayodondoka kitandani mwake, na Akolpoka alisema angalau hilo ni faida. Abaah hakucheka.

"Utafiti umekwisha," alimwambia mkewe usiku ule. "Mabati wameshayapata. Nitamwambia Atanga azibe mlango, turudi kwenye chungu."

Akafikiri. "Au umwambie Talata wewe. Ninyi wanawake mnaelewana."

Kabla Akolpoka hajapata mwanya wa kusema na Talata, taasisi iliita mkutano shuleni. Dokta Ansabea mwenyewe, mkuu wa utafiti, alikuja kutoka Accra, mwanamke mtanashati mwenye miwani inayoning'inia kifuani na tabia ya kuwashika watu mabega. Alisema taasisi yake haichukui maarifa ya watu ikaondoka nayo; inayarudisha. Akayarudisha kwenye ukuta wa darasa, kwa mwanga wa mashine, yakiwa na rangi.

"Mstari huu mnaona unapanda," alisema. "Hii ni idadi ya kaya katika eneo lenu. Kwa mwaka mmoja imepanda karibu mara mbili, na watu hawakuongezeka. Maana yake nini? Maana yake familia zenu zinavunjika. Ndugu hawali pamoja tena. Tumeangalia sababu: simu za mkononi, utandawazi, na mabadiliko ya tabianchi."

Watu walitazamana. Mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa na kaya nne kwenye orodha ile, aliitazama dari.

Akolpoka hakuwa amepanga kusimama. Alisimama kwa sababu aliona hii ndiyo nafasi, na kwa sababu roho ilikuwa inamuuma.

"Dokta," alisema, "familia zimevunjwa na mabeseni."

Darasa zima liliangua kicheko, kisha likanyamaza ghafla kama mtoto aliyekamatwa. Dokta Ansabea alivaa miwani yake. "Endelea, mama."

"Tulidanganya. Sisi ni nyumba moja. Chungu ni kimoja, tulijitenga ili tuhesabiwe mara mbili. Na siko peke yangu, ila wengine wajisemee. Mabati kaeni nayo, sitaki kitu. Nataka uandike kwamba tunakula pamoja, ili turudi."

"Mama Akolpoka," alisema Dokta, akamshika bega, "huo ni mtazamo muhimu sana. Ndivyo watu wengi wanavyolikabili jambo linalowaumiza, wanalikana. Tutauweka kwenye ripoti."

"Si mtazamo. Ni kweli."

"Ninakuelewa. Ila takwimu zimeshasafishwa."

"Zilikuwa na uchafu gani?"

"Makosa madogomadogo."

"Sasa sisi ndio kosa lenyewe, mbona mmetuacha?"

Dokta alitabasamu kwa subira, akasema habari njema ni kwamba wafadhili wameguswa sana na mstari ule unaopanda. Wametoa fedha za mradi mpya, wa kuwafundisha wanawake kuunganisha tena familia kwa chakula. Jina lake ni Chungu Kimoja. Kura imeshapigwa ili pasiwe na upendeleo, na kaya ya mama Akolpoka imebahatika kuingia kwenye mafunzo.

"Na ya Atanga?"

Prosper, ambaye siku hizi alikuwa na cheo cha afisa wa mshikamano, alitazama kishikwambi. "Ile imeangukia kundi la kulinganishia. Hao hawaguswi mpaka mradi uishe."

"Hawaguswi na nani?"

"Na mafunzo. Na nyinyi mtakaofunzwa pia. Mkila nao mtawaambukiza."

"Tutawaambukiza nini?"

"Matokeo," alisema Prosper.

Akolpoka alirudi nyumbani hana hamu ya kungoja ruhusa ya mtu. Alichota unga bila kupima wala kurudisha, akajaza chungu chake kama zamani, akasonga mpaka mabega yakamuuma, akapika mlenda na samaki wa kukausha. Abaah alipoona chungu kile alikwenda kunawa mikono mapema.

Akolpoka akajitwisha ile kata kubwa, akazunguka ukuta, akasimama kwenye mlango wa Talata. Hakuwa amewahi kuingia kupitia hapo. Ilimbidi apige hodi.

Walikuwa wameketi, wameshamaliza. Atanga aliona kata ile, akakumbuka ghafla kwamba kuna mtu anamngoja nje, akaondoka. Talata alibaki.

"Nimepika cha wote," alisema Akolpoka. "Prosper aandike atakavyo. Waite watoto tukale."

"Dada, mabati wanaweza kuyang'oa."

"Si mabati hayo, Talata. Niambie lililo moyoni."

Talata alikusanya mifupa ya samaki kwenye kiganja. Aliposema hakupandisha sauti. "Tangu nimeolewa nasonga kwa mwiko wako. Chumvi unatia wewe. Nyama unagawa wewe. Mwanangu akiugua anakuita wewe, na mimi nipo palepale nimemshika. Sikuwahi kulalamika, maana hukuwa mbaya. Ulinitunza. Lakini mara ya kwanza nilipoonja mboga niliyoitia chumvi mwenyewe, ilizidi, hailiki, na niliimaliza yote. Usinirudishe, dada. Nakuomba."

Akolpoka alikuwa amekuja na maneno mengi. Alikuwa tayari kugombana na mabati, na Prosper, na uroho wa Atanga. Hakuwa amejiandaa kwa chumvi. Alitafuta jibu, na kila alilolipata lilikuwa la mtu mwenye mwiko. Akamtazama Lamisi, aliyekuwa nyuma ya mama yake.

"Na wewe? Njoo ule."

Lamisi alitoka mbele. Alichutama, akapiga makofi mepesi ya kusalimia, kama watoto wanavyofundishwa kufanya akija mgeni.

"Karibu, Mama Mkubwa," alisema. "Tumeshakula kwetu."

Njiani kuzunguka ukuta, kata ilikuwa nzito kuliko wakati wa kuja. Abaah alikuwa bado ananing'iniza mikono yake hewani ikauke.

"Wamekataa?"

"Wameshiba," alisema Akolpoka, na kwa kuwa alikuwa analia alikwenda kulilia jikoni, ambako mtu anaweza kusingizia moshi.

Mafunzo ya Chungu Kimoja yalifanyikia kwenye turubai la taasisi, karibu na shule. Walikuja wanawake wa kaya zilizobahatika, wengi wao mabibi waliokuwa wakilisha nyumba nzima nzima kabla ya mabeseni. Walifundishwa faida za kula pamoja. Walirudia kwa sauti. Mchana waliletewa wali wa nazi ambao hakuna aliyeuzoea, kila mmoja kwenye sahani yake ya karatasi, na maji ya chupa.

Baada ya chakula Prosper alitangaza zoezi la vitendo. Picha zilihitajika kwa wafadhili. Katikati ya turubai waliweka chungu kipya, chenye nembo ya mradi, na ugali ulioletwa na mpishi wa shule. Kwa kuwa watoto wa wanawake wale ama walishakua ama walikuwa upande usioguswa, waliazima watoto kutoka darasa la kwanza, wakamkabidhi kila mama mmoja. Akolpoka alipewa mvulana mwembamba wa kijiji kingine, aliyemwogopa kidogo.

Wengine waliona haya, wakachekacheka. Akolpoka alinawa, akamnawisha na yule mtoto. Akamega tonge, akalipulizia, akalichovya kwenye mboga, akaligusa kwa mdomo wa chini aone kama limepoa. Kisha akakifungua kiganja cha mtoto na kuliweka ndani, akavikunja vidole vyake juu ya tonge kimoja kimoja lisidondoke. Alifanya hivyo kama anavyopumua. Mtoto alikula, akamsogelea, akamwegemea pajani.

Dokta Ansabea alishika mkono wa mpiga picha ili asiharibu. Machozi yalimlengalenga, na hakujificha. Alichutama mbele ya Akolpoka, viatu vyake vizuri vikaingia vumbini.

"Mama, hebu waambie wenzio. Hilo umejifunza wapi?"

Akolpoka aliwatazama. Prosper alikuwa tayari, kidole juu ya kioo. Mpiga picha alikuwa amepiga goti. Wanawake wenzake walikuwa wanautazama mdomo wake, na yeye aliwaza lile neno la kweli alilolisema mle darasani, lilivyopokewa na mahali lilipowekwa.

"Hapa," alisema. "Kwenye mafunzo yenu."

Walipiga makofi, na Prosper akaandika. Mvulana wa kuazima hakupiga makofi. Alikuwa ameshafungua kiganja chake, anangoja tonge la pili.